Kushinda Mlima na Kushinda Mlimani

Neno kushinda lina maana mbili katika Kiswahili. Mtu hushinda vita, mchezo au kesi. Na mtu hushinda shambani, pwani au kwa jirani tangu asubuhi hata jua lichwe. Alasiri watu huulizana wameshindaje, wala hapana adhaniye kuwa anaulizwa habari za vita. Maana ya kwanza ni ya mabavu, na maana ya pili ni ya subira. Lugha imeziweka pamoja katika neno moja, na huenda waliozungumza zamani walijua ya kuwa aghalabu hapati ya kwanza asiyevumilia ya pili.

Siku hizi neno hili limepelekwa Kilimanjaro kwa maana moja tu. Kila mwaka, hasa unapokaribia mwezi wa Desemba, husikika habari za vikundi vya wafanyakazi, wanafunzi na marafiki wanaojiandaa kwenda kuushinda mlima. Kwenda kwao ni jambo jema na la kupongezwa. Kwa miaka mingi mlima ule ulitazamwa na wananchi kutoka mbali kama picha ukutani, na wageni ndio waliopanda. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoundwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977, ni mali ya taifa, na ada anayotozwa raia ni ndogo sana kuliko ya mgeni, ili mwenye mali asizuiliwe mlangoni pa nyumba yake. Basi aibu haimo katika kwenda. Aibu imo katika namna safari nyingi zinavyopangwa, maana hupangwa na watu wanaotaka kuushinda mlima bila ya kushinda mlimani.

Na atazamwe msomaji kikao cha mipango kama kilivyo desturi. Mwenyekiti huuliza kilele kitafikiwa tarehe gani. Mweka hazina huuliza siku chache kabisa ni ngapi. Mtu aliyewahi kusikia husema tano, na tano hupitishwa kwa makofi. Baada ya hapo saa nzima hutumika juu ya rangi ya fulana, ukubwa wa bendera, na zamu za kupiga picha. Idadi ya wapagazi huachiwa wakala. Nani atakayekuwa na amri ya kumrudisha mgonjwa, hilo haliulizwi, kwa kuwa kila mmoja amekwisha kujiona juu. Hivi ndivyo mlima wenye urefu wa mita 5,895 unavyopangiwa safari kama harusi: mapambo kwanza, chakula baadaye, na afya ya wageni si kazi ya mtu.

Hesabu ya siku tano yafaa ifanywe waziwazi, kwa sababu tarakimu hazina upendeleo. Katika njia ya Marangu vibanda vya kulala vimewekwa Mandara kwenye mita 2,720, Horombo kwenye mita 3,720, na Kibo kwenye mita 4,720. Mpandaji wa siku tano hulala Mandara usiku wa kwanza na Horombo usiku wa pili. Siku ya tatu hufika Kibo, hujilaza kwa saa chache, na karibu na saa sita usiku huamshwa kuelekea kileleni. Siku ya pili na siku ya tatu amepanda mita 1,000 kila moja, na usiku ule wa mwisho anadaiwa mita 1,175 nyingine, gizani, katika baridi iliyo chini ya sifuri. Alitoka langoni asubuhi ya siku ya kwanza. Alfajiri ya siku ya nne anatakiwa awe kileleni. Ni kusema kwamba kiumbe aliyezaliwa Tanga au Mtwara, ambaye juma lililopita alikuwa akipumua hewa ya bahari, amepandishwa zaidi ya mita 4,000 juu ya lango katika muda usiotimia siku tatu kamili.

Waganga wa maradhi ya mwinuko wana shauri linalojulikana sana. Mtu akiisha kupita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasiinuke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima bila ya kupandisha malazi. Kwa shauri hili, kutoka Mandara hata Kibo huhitaji masiku manne kwa uchache, na la tano la mapumziko. Mpango wa siku tano humpa mtu mawili. Mpango huo haufikii hata nusu ya haki ya mwili, na hata ukiongezwa usiku mmoja wa pili pale Horombo, kama wafanyavyo wenye busara, deni hupungua lakini halifutiki. Yafaa jambo hili lisemwe kikaoni kabla ya makofi.

Sababu yake si fumbo. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na juu ya Kibo kila pumzi huingiza karibu nusu ya oksijeni ambayo pumzi hiyo hiyo ingeingiza ufukoni. Mwili unaweza kulizoea jambo hili: mapafu hujifunza kuvuta kwa upesi zaidi, figo hurekebisha maji ya mwili, na damu hujipanga upya. Lakini kazi hii huchukua siku, wala haiharakishwi kwa nyimbo, kwa sala, wala kwa cheo cha mtu ofisini. Asiyeupa mwili muda huanza kuumwa kichwa, hukosa hamu ya chakula, hutapika, hukosa usingizi. Akiendelea kupanda, maji yaweza kumjaa mapafuni, au ubongo ukavimba, akaanza kupepesuka kama mlevi na kusema maneno yasiyo na mpango. Hapo tiba iliyo kuu ni moja, nayo ni kushuka, upesi, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamidi humsaidia mtu kuzoea, lakini haimpi ruhusa ya kukimbia.

Wala nguvu za misuli si kinga. Maradhi haya hayamchagui mnyonge. Kijana mwenye mbio huenda akawa katika hatari kubwa kuliko mzee mwenye mkongojo, kwa sababu miguu yake humfikisha haraka mahali ambapo damu yake haijawa tayari. Waongozaji wa mlima hurudia neno pole pole mchana kutwa, na wengi wa wasafiri hulidhani ni wimbo wa kuchangamsha wageni. Neno hilo ni agizo la tiba. Na pole pole ya hatua haifai kitu ikiwa ratiba yenyewe imeandikwa kwa haraka haraka. Atembeaye taratibu ndani ya mpango wa siku tano ni sawa na mtu atembeaye taratibu ndani ya gari liendalo mbio.

Mweka hazina atajibu kwa fedha, na jibu lake listahiwe. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku na kwa usiku. Kwa hiyo kila siku iongezwayo ni gharama, na mishahara ya watu ni midogo. Maneno haya ni kweli. Walakini hitimisho litokalo humo si kwamba mtu apande Kibo kwa siku chache. Hitimisho ni kwamba, asiyeweza kulipa siku za Kibo apange safari iliyo sawa na mfuko wake. Mlima haukuumbwa kilele peke yake. Mtu aweza kwenda Mandara na kurudi kwa siku moja, akapita msituni na kutazama kasoko ya Maundi. Aweza kulala Mandara na Horombo, akauona Mawenzi kwa karibu, akarudi akiwa mzima na mwenye furaha. Aweza kwenda kwanza Mlima Meru katika Hifadhi ya Arusha, ambao una zaidi ya mita 4,500, akajijua mwili wake ulivyo. Safari hizi hazina aibu yoyote. Aibu ni kununua kilele kwa bei ya nusu na kumwachia mtu mwingine alipe nusu iliyobaki. Wahenga walisema rahisi ghali. Hawakusema ghali hiyo humwangukia nani.

Nayo aghalabu humwangukia mpagazi. Neno hili ni kongwe, limetoka katika zama za misafara, na mlimani wenyewe hao wapagazi huitwa wagumu. Jina hilo ni sifa, lakini ziko sifa ambazo hugeuka visingizio. Kwa kuwa ameitwa mgumu, hudhaniwa hasikii baridi. Kwa kuwa ametabasamu, hudhaniwa ameshiba. Katika njia za kulala mahemani kila mpandaji mmoja huhitaji wapagazi watatu, hata wanne, wa kubeba hema, chakula, vyombo, gesi na mizigo yake. Sheria ya hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizani imewekwa langoni. Lakini mteja akidai bei ipunguzwe, nayo ada ya serikali haipunguziki, msomaji na ajiulize ni fungu gani litakalopunguzwa. Ni mshahara wa mpagazi, mlo wake, idadi ya wenzake wa kugawana mzigo, na hema lake la kulala. Mambo haya yamejulikana kwa muda mrefu. Hata mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, na mojawapo ya kazi zake imekuwa kuwaazima mavazi ya baridi watu wanaofanya kazi katika barafu. Kwamba mtu aliyebeba sufuria ya mwenziwe kupanda Barafu alihitaji kuazimwa koti, hilo linatosha kuwa hukumu juu ya namna safari zilivyokuwa zikipangwa.

Husemwa kwamba wapagazi wamezoea. Mazoea ya mwinuko si chale ya kuchanjwa mara moja ikadumu. Aliyekaa mjini Moshi majuma kadhaa bila kazi huteremka na mazoea yake, na akirudi mlimani huanza upya kama mwingine, ila yeye huanza akiwa na mzigo. Hapa pana jambo la kusikitisha zaidi kwa kuwa wapandaji wa siku hizi ni ndugu wa wapagazi, wanasema lugha moja nao, na hawana udhuru wa mgeni asiyeweza kuuliza. Mgeni aliweza kudai kwamba hakujua. Mtu amwitaye mpagazi kaka au mjomba, akasalimiwa shikamoo na mdogo wa huyo mpagazi pale langoni, atadai nini?

Wapendao ushujaa hutaja historia. Basi na itajwe yote. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kupanda Kibo mwaka 1887 akakwamishwa na barafu. Mwaka 1888 aliazimu tena, lakini hata mlimani hakufika, kwa sababu ya vita vya Abushiri huko pwani. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, na safari hii alikuwa amejifunza jambo moja: aliyemshinda si mlima, ni ratiba. Kwa hiyo alipanga kambi kwa daraja. Kambi moja ilikuwa chini Marangu, kwa Mangi Marealle. Nyingine iliwekwa juu ya msitu. Na nyingine juu zaidi ya mita 4,000, karibu na uwanda ulio baina ya Kibo na Mawenzi. Na wapagazi walipandisha chakula kwa zamu ili watu wa juu wasilazimike kushuka kila waliposhindwa. Katika kambi ile ya juu alikaa nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtoto wa pwani asiyezaliwa na baridi, akiwasha moto na kupika katika upepo ule siku baada ya siku. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kasoko, wakaona wamechelewa na wamechoka, wakarudi. Walipumzika. Tarehe 6 Oktoba 1889 ndipo walipofika kileleni.

Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake, na jina hilo limekwisha kwenda na mfalme mwenyewe. Lakini utaratibu wa safari ile ungali na mafunzo. Wale wawili walishinda kwa kuwa walishinda mlimani siku nyingi, na kwa kuwa yuko mtu wa Pangani aliyeshinda pale kambini ili wao wapate mahali pa kurudi. Wala hawakuona haya kurudi tarehe 3. Laiti wangalikuwa na fulana zenye tarehe ya kufika kileleni, huenda wangalikufa ukingoni.

Historia ya Uhuru nayo hutajwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Ni fahari ya haki, na atakaye kuikumbuka kwa kupanda ana shabaha njema. Lakini yule alikuwa askari aliyefundishwa, aliyetumwa kazi. Aigaye safari yake bila ya maandalizi huiga sanamu ya jambo na kuliacha jambo. Isitoshe, bendera inayoshushwa juu ya machela haimheshimu mtu.

Wengine humtaja Simon Mtuy, mwenyeji wa miteremko ile ile, aliyepanda na kushuka mwaka 2006 kwa muda wa saa tisa na dakika kadhaa, bila ya msaidizi. Ikiwa mtu mmoja aliweza kwa saa tisa, husemwa, siku tano zina ubaya gani? Hoja hii hujijibu. Mtuy alikuwa mwongozaji aliyepanda mlima ule mara nyingi kwa miaka mingi. Saa zake tisa zilikuwa ncha ya maelfu ya saa. Aonaye ncha na kusahau mkuki atachomwa nao. Na wako wasemao kwamba ni lazima kuharakisha kabla barafu haijaisha, kwani tangu mwaka 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Barafu kweli inaondoka, nayo yasikitisha. Walakini kupungua kwa barafu hakuongezi oksijeni, na maiti hawatazami barafu.

Basi mpango ulio mpango huanza na maswali mengine. La kwanza: tutalala masiku mangapi juu ya mita 3,000, na kila usiku umepanda kiasi gani juu ya uliotangulia? Ndiyo maana katika njia za Machame na Lemosho wasafiri hupandishwa mchana hadi mnara wa mawe ulio kiasi cha mita 4,600, kisha hushushwa Barranco kulala chini ya mita 4,000; wapangao njia hizi kwa siku saba au nane hununua usingizi, na usingizi ndio dawa. La pili: tutakwenda lini? Januari hadi mwanzo wa Machi, na Juni hadi Oktoba, ni miezi mikavu. Aendaye katika masika huongeza matope na mvua juu ya taabu nyingine. La tatu: wapagazi ni wangapi, wamebeba kilo ngapi, wanalala wapi, wanakula mara ngapi, na mshahara wao umeandikwa wapi? Wakala asiyejibu swali hili kwa tarakimu amekwisha kujibu. La nne: nani mwenye neno la mwisho la kumshusha mgonjwa? Neno hilo awe nalo mwongozaji, liandikwe na kutiwa sahihi chini mjini, kichwa kikiwa kizima, kwa kuwa juu kule mgonjwa hujiona mzima na rafiki huona haya. La tano: tumejiwekea akiba gani ya kushuka? Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Siku ya kilele katika njia ya Marangu mtu hupanda mita 1,175, kisha siku ile ile huteremka mita 2,175 hata Horombo, kwa magoti ambayo hayakulala.

Kikundi kikijibu maswali haya matano, rangi ya fulana itajichagua yenyewe. Na kitapata malipo ambayo mwenda mbio hayapati. Kitakuwa na muda wa kuona jinsi msitu unavyokwisha ghafula na nyasi kuanza. Kitasimama chini ya dendrosenesio, mti ambao aina yake ya Kilimanjaro haioti mahali pengine duniani, kikaona ulivyojivika majani yake yaliyokufa shinani kama blanketi, kwa kuwa kila usiku huko ni baridi kali na kila mchana ni jua. Mti ule umeupanga maisha yake kwa hesabu ya usiku. Hauna haraka, na umekaa juu kuliko wengi waliopita kando yake wakihema bila ya kuutazama.

Kwa hiyo watu na waende Kilimanjaro, wengi kuliko walioenda zamani. Waende walimu, makarani, wakulima na wanafunzi. Lakini kikao cha mipango kisifungwe kwa swali la tarehe ya kilele. Kifungwe kwa salamu ya kila siku iliyotamkwa mapema: mtashindaje? Watakaojibu kwamba watashinda mlimani siku za kutosha, wao na wapagazi wao, wakila, wakilala, wakiwa radhi kurudi, wana haki ya kutumaini ushindi wa namna ya pili. Wasio na jibu na wabaki chini kwa mwaka huu waweke akiba. Mlima utakuwapo mwakani, na wao pia.